Mkono Badala ya Nyuki: Ua la Vanila na Historia ya Uchavushaji katika Bahari ya Hindi ya Magharibi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mvanila tangu ulipotolewa Meksiko hadi ulipoenea katika visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi na katika nchi za Maziwa Makuu. Hoja yake ni kwamba biashara nzima ya vanila katika eneo hili ilijengwa juu ya ujuzi wa kiungo kimoja kidogo cha ua, ujuzi uliotiwa mkononi na mtoto mtumwa mwaka 1841. Inaonyesha pia kwamba ufumbuzi huohuo uliowapa wakulima matunda uliuacha mmea bila uzazi wa kweli, na kwamba upungufu huo wa pili umepewa nafasi ndogo kuliko bei na tarehe za kuvuna katika mijadala ya zao hili.

Utangulizi

Katika vitabu vya shule za Afrika Mashariki, ua huchorwa likiwa limepasuliwa katikati. Chini huonyeshwa sepali zilizolilinda tumba. Juu yake petali zenye rangi. Pembeni stameni zinazobeba chavua. Na katikati pistili, yaani stigma inayopokea chavua, shingo inayoipitisha, na ovari yenye ovuli. Kisha hufuata maelezo ya hatua mbili ambazo Kiswahili sanifu kimezitenga vizuri: uchavushaji, yaani chavua kuifikia stigma, na urutubishaji, yaani seli ya kiume kuungana na ya kike ndani ya ovuli. Ovuli iliyorutubishwa huwa mbegu, na ovari iliyokomaa huwa tunda.

Mchoro huo si wa uongo. Kasoro yake ni kwamba humwachia mwanafunzi dhana kuwa viungo vikiwapo, uzazi nao upo. Vanila inaikanusha dhana hiyo. Katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, mmea huu wenye viungo vyote vya uzazi ulikaa takriban miaka 20 bila kumpa mkulima tunda la kuuza.

Kwa wanaozishauri serikali juu ya mazao ya biashara, kisa hiki hakijapitwa na wakati. Vanila hulimwa leo Madagaska, Komoro, Uganda, mkoa wa Kagera nchini Tanzania, na Kivu ya Kaskazini na Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika maeneo hayo yote, tunda linalofika sokoni limetokana na ua lililoguswa na mkono wa mtu siku ileile lilipochanua.

Ua na kizuizi chake

Mvanila unaolimwa kwa wingi, Vanilla planifolia, ni mmea utambaao wa jamii ya okidi. Ua lake lina rangi ya kijani iliyofifia inayokaribia manjano, na mpita njia anaweza kulipita asiligundue. Lina sepali tatu na petali tatu, lakini petali moja imebadilika umbo ikawa mdomo unaojikunja kuvizunguka viungo vya uzazi. Ndani ya mdomo huo, stameni na pistili hazikutengana kama katika mchoro wa shuleni. Zimeungana zikawa nguzo moja. Karibu na ncha ya nguzo imo chavua, nayo si ya unga bali imeshikamana katika donge linalonata, chini ya kifuniko kidogo. Hapohapo, kwa umbali wa milimita chache, iko stigma. Baina ya vitu hivyo viwili upo utando mwembamba mithili ya kilimi cha kooni, ambao wanabotania huuita rostelamu. Makala hii itauita kilimi.

Kilimi ndicho kizuizi. Mvanila huu haukatai chavua yake wenyewe: chavua ikiifikia stigma, hata ikiwa ya ua lilelile, ovari hukua ikawa tunda. Lakini haifiki, kwa kuwa kilimi kimeziba njia. Katika misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, kazi ya kukipita kizuizi hicho hufanywa na wadudu. Kwa muda mrefu ilihusishwa na nyuki wadogo wasiouma wa jenasi ya Melipona. Wataalamu wa miaka ya karibuni wanaelekea zaidi kwa nyuki wakubwa wanaozoea kuyatembelea maua ya okidi. Hata huko ulikotoka, maua yanayofikia kuzaa bila msaada wa binadamu ni machache sana.

Muda nao ni mfupi. Ua hufunguka alfajiri na kuanza kunyauka mchana wa siku hiyohiyo. Lisipochavushwa, hudondoka.

Kutoka Veracruz hadi Bourbon

Watotonaki wa pwani ya Veracruz waliitunza na kuivuna vanila kabla ya kuja kwa Wahispania. Waazteki waliiita tlilxochitl, yaani ua jeusi, ingawa kilicho cheusi ni tunda lililokaushwa na ua halina weusi wowote. Matunda yalipelekwa Ulaya tangu karne ya 16, na kwa takriban karne tatu Meksiko ilibaki msambazaji mkuu asiye na mshindani wa maana. Wahispania hawakuhitaji kulinda siri yoyote, kwani ua lenyewe lililinda ukiritimba huo. Aliyechukua kipande cha mmea alichukua majani na maua tu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mvanila ulichanua London katika nyumba ya kioo ya Charles Greville. Vipandikizi vyake vilipelekwa Antwerp na Paris, na kutoka Paris mmea ulifikishwa Bourbon mwaka 1822. Kisiwa hicho cha Wafaransa kilikuwa kimeelekeza nguvu zake kwenye miwa, na miwa ilitegemea watumwa. Wengi wao walitoka Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Mapema kidogo, mwaka 1776, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alikuwa amefanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivyo. Kwa hiyo historia ya mashamba ya Bourbon ni sehemu ya historia ya pwani ya Waswahili, na si vyema kuisoma kama jambo la Wafaransa peke yao.

Elimu ya uzazi wa mimea haikukosekana duniani wakati huo. Rudolf Camerarius wa Tübingen alikuwa ameeleza mwaka 1694 kwamba stameni ni viungo vya kiume vya ua. Christian Konrad Sprengel alichapisha mwaka 1793 kitabu kuhusu wadudu na maua. Mwaka 1836 Charles Morren wa Liège alifaulu kuchavusha vanila kwa mkono katika nyumba ya kioo na kupata matunda. Hata hivyo, njia yake haikugeuka kuwa kazi ya shambani, na wenye mashamba wa Bourbon waliendelea kuutazama mvanila kama pambo lisilo na faida.

Tena kuchavusha kwa mkono hakukuwa jambo geni katika Bahari ya Hindi. Wakulima wa mitende wa Oman na wa Iraki walikuwa wakichukua vishada vya maua ya mtende dume na kuvifunga ndani ya mashada ya mtende jike kwa karne nyingi kabla ya Camerarius. Lakini dume na jike la mtende ni miti miwili, na mwenye shamba huitofautisha kwa macho akiwa amesimama chini. Katika vanila dume na jike wamo ndani ya nguzo moja nyembamba, na asiyekiona kilimi hawezi kujua kuna jambo gani la kufanywa.

Sainte-Suzanne, 1841

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, kaskazini mwa kisiwa. Mama yake, Mélise, alikuwa mtumwa na alifariki wakati wa kumzaa. Mtoto alilelewa katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont, mlowezi aliyependa mimea, ambaye alizoea kutembea naye bustanini na kumtajia majina ya maua. Hakumfundisha kusoma wala kuandika. Alimwonyesha, hata hivyo, jinsi ya kuchavusha kwa mkono ua la mmea wa jamii ya maboga, ambao maua yake ya kiume na ya kike hutengana.

Katika bustani hiyo ulikuwapo mvanila mmoja uliokaa miaka mingi bila kuzaa. Siku moja mwaka 1841 Bellier-Beaumont aliona matunda mawili yakining'inia. Edmond, ambaye alikuwa na umri wa miaka 12, alisema kuwa ni yeye aliyeyachavusha maua yake. Bwana wake hakuamini. Siku chache baadaye lilipoonekana tunda jingine, alimtaka mtoto arudie mbele yake, naye akarudia.

Alichokifanya kinaweza kuelezwa kwa maneno machache, na bado ndicho kinachofanywa leo Sambava, Ngazija na Mukono. Kwa kijiti chembamba cha mwanzi, mdomo wa ua hupasuliwa au kusukumwa pembeni ili nguzo ionekane. Ncha ya kijiti hukiinua kilimi. Kisha kidole gumba hulibonyeza donge la chavua mpaka liguse stigma. Mkono uliozoea humaliza kwa sekunde chache.

Urahisi huo umewafanya baadhi ya watu wauone ugunduzi wenyewe kuwa wa kubahatisha. Rai hiyo haina nguvu. Ua la boga halina kilimi, na aliyejifunza kwa boga peke yake angeishia kupaka chavua juu ya mdomo wa ua la vanila bila matokeo. Edmond alilazimika kulifungua ua ambalo hakuna aliyemwonyesha sehemu zake, akatambua ni kipi cha kiume na ni kipi cha kike mahali ambapo vimeunganishwa, na akaelewa kwamba utando ulio kati yake ndio unaozuia. Huo ni uchunguzi wa kibotania, hata kama aliyeufanya hakuwa na kalamu ya kuuandika.

Suala la nani aligundua

Bellier-Beaumont aliwaalika wenye mashamba wengine, na Edmond alipelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wenzake. Ujuzi ulienea kutoka mkono hadi mkono. Historia haikumtendea vivyo hivyo mwenye ujuzi. Jean Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea aliyesimamia bustani ya serikali huko Saint-Denis, alidai baadaye kuwa yeye ndiye aliyeionyesha njia hiyo kisiwani. Bellier-Beaumont aliandika barua kuipinga kauli hiyo na kueleza jinsi mambo yalivyotokea bustanini mwake. Hapa pana jambo la kumfikirisha mtafiti wa historia ya elimu: ushahidi wa kwamba mtumwa aligundua umehifadhiwa kwa sababu bwana wake aliamua kuuandika. Lau angenyamaza, nyaraka zingemtaja Richard.

Utumwa ulikomeshwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Katika kupewa jina la ukoo, Edmond aliandikwa Albius, neno linalotokana na Kilatini lenye maana ya weupe. Kama lilikuwa utani wa karani au heshima kwa rangi ya ua, msomaji ataamua. Alikwenda Saint-Denis akafanya kazi za jikoni, akahukumiwa kifungo kwa wizi wa vito, na akaachiliwa kabla ya muda kwa utetezi wa hakimu aliyekumbusha faida aliyokiletea kisiwa. Alifariki maskini huko Sainte-Suzanne tarehe 9 Agosti 1880.

Faida hiyo inapimika. Mwaka 1848 kisiwa kiliuza nje takriban kilo 50 za vanila. Kufikia mwaka 1898 kiasi kilikuwa takriban tani 200, zaidi ya Meksiko yenyewe. Mwishoni mwa karne hiyo wenye mashamba waliuhamishia mmea Nosy Be na kaskazini mashariki mwa Madagaska, na pia Komoro, pamoja na ujuzi wa kuuchavusha.

Mikono

Huko Réunion wanaofanya kazi hii, wengi wao wanawake, huitwa kwa Kifaransa marieuses, yaani wanaofungisha ndoa. Mfasiri wa Kiswahili angeshawishika kutumia kitenzi kuoza. Afadhali ajizuie. Neno hilohilo hutumika kwa kitu kinachoharibika, na adui mkubwa wa mvanila ni kuvu wa jenasi ya Fusarium anayeozesha mizizi. Bwana shamba atakayewaambia wakulima kwamba amekuja kuwafundisha kuozesha vanila huenda asialikwe tena. Kuchavusha kunatosha.

Mchavushaji mzoefu hushughulikia maua 1,000 hadi 1,500 kwa siku, na kwa kuwa maua ya shada moja hayafunguki kwa pamoja, hulirudia shamba kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Anahitaji pia uamuzi, kwa maana akichavusha maua yote ya shada, matunda huwa mafupi na mmea hudhoofika. Baada ya hapo tunda hukaa miezi minane au tisa kabla ya kuvunwa, na kilo tano au sita za matunda mabichi hutoa kilo moja iliyokaushwa. Nchini Uganda, kwa sababu ya misimu miwili ya mvua, mmea huchanua mara mbili kwa mwaka, jambo lisilopatikana Madagaska.

Miezi hiyo minane ndiyo iliyozaa sera. Tunda linapoonekana mtini muda wote huo, wezi nao huliona, na mkulima anayeogopa kuibiwa huvuna mapema, kabla ya harufu kukamilika. Madagaska na Uganda zote zimeweka utaratibu wa serikali kutangaza tarehe ya kuanza kuvuna. Bei nazo zimekuwa za kupanda na kuporomoka. Baada ya kimbunga Hudah cha Aprili 2000, bei ya kilo moja ilipanda hadi kuzidi dola 400 za Marekani mwaka 2003. Miaka miwili baadaye ilikuwa imeshuka hadi kwenye dola 50 au pungufu. Kimbunga Enawo cha Machi 2017 kilifuatiwa na bei zilizokaribia dola 600. Wakulima wa Uganda waliopanda kwa sababu ya bei ya 2003 walivuna katika bei ya 2005, kwani kipandikizi huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuchanua.

Zao lisilopandwa kwa mbegu

Mjadala wa tarehe na bei umeifunika hoja nyingine inayotokana na ua lenyewe. Tunda la vanila lina maelfu ya mbegu ndogo nyeusi, zilizopatikana kwa uchavushaji na urutubishaji kamili. Mkulima hazipandi. Huota kwa shida na kwa kawaida huhitaji msaada wa kuvu fulani ardhini. Juu ya hayo, hufa wakati tunda linapotumbukizwa katika maji ya moto na kukaushwa. Mimea mipya hutokana na vipandikizi. Kwa hiyo kila asubuhi ya msimu, maelfu ya watu huliwezesha ua kufanya kazi ya uzazi ambayo haitazaa mmea hata mmoja shambani.

Kipandikizi ni mwendelezo wa mmea uleule kwa mwili mwingine. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mivanila inayolimwa nje ya Amerika inatokana na chanzo kimoja. Kwa maneno mengine, bustani iliyoanza kwa mmea wa Paris imepanuliwa tu mpaka ikafika Afrika. Hata kama mbegu zingepandwa, njia ya Edmond hulichavusha ua kwa chavua yake lenyewe, na hivyo mchanganyiko wa damu mpya haungetokea. Kuvu anayeweza kuua mmea mmoja anakuta mbele yake shamba lisilo na mmea wa kumkatalia.

Watafiti wa Madagaska waliliona jambo hili mapema. Katika kituo kilicho karibu na Antalaha walichavusha planifolia kwa chavua ya Vanilla pompona, wakapata aina iitwayo Tsy Taitra, iliyozalishwa kwa kuzingatia ustahimilivu wa magonjwa. Walichohitaji kilikuwa mkono uleule na kilimi kilekile, ila chavua iliyochukuliwa kutoka ua jingine. Huduma za ugani katika nchi za Maziwa Makuu zimewafundisha wakulima kuchavusha, na zimefanya hivyo kwa ufanisi. Kinachokosa mwenyewe ni kumbukumbu ya vipandikizi: vilitoka shamba lipi, vilivuka mpaka upi, na mmea mama ulikuwa na afya gani. Bila kumbukumbu hizo, kituo cha utafiti kinachotaka kuzalisha aina mpya huko Kagera au Mukono hakiwezi kujua kinaanzia wapi, na ugonjwa unaosafiri ndani ya vipandikizi hauwezi kufuatiliwa ulikotoka.

Eneo hili, hata hivyo, si tupu. Vanilla imperialis huota katika misitu ya Kongo na Uganda. Vanilla roscheri, isiyo na majani, hutambaa katika vichaka vya pwani kuanzia Kenya na Tanzania kuelekea kusini. Jina lake ni la Albrecht Roscher, Mjerumani aliyefika Ziwa Nyasa mwaka 1859 na kuuawa mwaka uliofuata. Tunda lake halina soko, na misitu ya pwani inayoihifadhi inazidi kupungua. Maua yake ni makubwa na meupe, na huchavushwa bila mkono wa mtu.